Sheria ya kazi haikuishia mwaka 2004

"Sheria ya kazi tunayo, ni ile ya mwaka 2004." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, safari hii na mkurugenzi aliyeniita baada ya kupokea wito wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi Tanzania. Faili lake lilipangwa vizuri: nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nakala ya GN 42 ya 2007 (kanuni za utendaji bora zilizo chini ya sheria hiyo) na sampuli ya mkataba iliyoandaliwa na wakili anayejua kazi yake. Kila karatasi ilikuwa sahihi kwa siku ilipochapishwa. Kosa ni imani iliyoibeba: kwamba sheria ya kazi hubadilika pale tu Bunge linapofuta ile ya zamani na kutunga nyingine, na kwa kuwa ile ya 2004 haijafutwa, basi hakuna kilichobadilika. Nimechoka kulijibu hili kwa simu, mwajiri mmoja mmoja.

Tuanze na makato na michango, maana hapo hakuna mjadala mrefu. SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri, ilishuka hadi asilimia 4 Julai 2021, na wakati huohuo idadi ya wafanyakazi inayomwingiza mwajiri kwenye tozo hiyo ikapanda kutoka wanne hadi kumi. Julai 2023 ikashuka tena hadi 3.5. Kiwango cha chini cha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kilitoka asilimia 9 kwenda 8 mwaka 2021. Mchango wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sekta binafsi ulitoka asilimia 1 ukawa 0.6, kisha 0.5. Hakuna hata badiliko moja kati ya hayo lililohitaji kuigusa Sheria ya Ajira. Ukisubiri "sheria mpya ya kazi" ndipo usahihishe orodha ya mishahara, utasubiri huku unalipa kisichodaiwa au unadaiwa usicholipa.

Na kuna sheria ambazo hazina neno "kazi" kwenye jina lake lakini zimekaa katikati ya ofisi ya utumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Mashine ya alama za vidole pale mlangoni, majibu ya vipimo vya afya, CV za watu uliowakataa miaka mitatu iliyopita na bado zimo kabatini, vyote vinahusika. Waajiri wengi bado wanaliona hili kuwa jambo la kampuni za simu na benki.

Sasa Mei Mosi.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, na waajiri na wafanyakazi wote wana sehemu yao. Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Watumishi wa umma. Hata hivyo wafanyakazi wa viwandani na hotelini walikwenda kwa mabosi wao kudai asilimia 35, na baadhi ya mabosi wakatoa majibu mawili, yote mabaya. Wengine waliogopa wakaongeza mishahara bila hesabu. Wengine walisema "hayo ni ya serikali, sisi hayatuhusu" na wakafunga masikio moja kwa moja. Hawa wa pili walikuwa sahihi kwa miezi michache tu. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa amri ya mshahara ya sekta binafsi, inayotumika tangu 1 Januari 2026, ikipandisha kima cha chini kwa wastani uliotangazwa kuwa asilimia 33.4, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 (ingawa ukizipigia hesabu namba hizo mbili zenyewe unapata kama 30.3). Mtu aliyejizoesha kupuuza kila habari ya mishahara kwa kuwa "ni ya serikali" aliipuuza na hii.

Kinachotangazwa jukwaani ni dalili ya sheria inayokuja. Mei Mosi 2024 kule Arusha iliahidiwa kwamba mama anayejifungua mtoto njiti ataongezewa likizo. Siku iliyofuata ahadi hiyo haikuwa haki ya mtu yeyote mbele ya CMA. Ilibidi uandaliwe muswada, Bunge lipitishe marekebisho ya sheria za kazi mwanzoni mwa 2025, ndipo ikawa wajibu. Mwajiri makini angekuwa amepata miezi kadhaa ya kujiandaa: kurekebisha kanuni zake za likizo, kufikiria nani atashika nafasi, kuzungumza na chama cha wafanyakazi. Waliosikia na kusahau walikuja kushtukizwa na jambo waliloambiwa mapema kwa kipaza sauti.

Kuhusu kima cha chini chenyewe, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hata maafisa utumishi wazoefu wanajikwaa. Kwanza, amri ya mshahara hutolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, si Sheria ya Ajira, kwa hiyo huwezi kuiona hata ukiisoma Sheria ya Ajira kuanzia jalada hadi jalada. Pili, hupangwa kwa sekta, na ndani ya sekta kuna madaraja. Ule wastani wa 358,322 si kiwango cha mtu yeyote. Ni wastani. Nimeona kampuni imepandisha kila mtu hadi shilingi 358,322 kwa sababu ndiyo namba iliyosomwa kwenye taarifa ya habari. Tafuta sekta yako kwenye jedwali, halafu angalia na safu za saa, siku na wiki kama unatumia vibarua, kwa sababu kibarua wa siku naye ana kima chake.

Tatu, na hili ndilo linalozua ugomvi: asilimia 33.4 haimhusu aliye juu ya kima. Mtu anayelipwa laki sita, wakati kima cha sekta yake kiko chini ya hapo, hana nyongeza ya lazima kutokana na amri hiyo. Lakini usije ukampunguzia kwa kisingizio kwamba sheria inataka kidogo kuliko unachompa. Na kuna jambo ambalo amri hailisemi lakini wafanyakazi wako watalisema: mlinzi aliyeanza kazi jana sasa analingana mshahara na msimamizi wa miaka minane. Sheria haikulazimishi kumwongeza msimamizi. Ukimwacha hivyo, jiandae kumpoteza.

Nne, mchezo wa posho. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukichukua posho ya nyumba na ya usafiri ukaziingiza kwenye mshahara wa msingi, unafikia kima bila kuongeza senti. Kwanza muulize aliyekushauri kama mfanyakazi amekubali, maana hilo ni badiliko la masharti ya kazi. Kisha fanya hesabu hadi mwisho. Tafsiri ya mshahara wa msingi kwenye Sheria ya Ajira inaziacha posho nje, na mshahara huo wa msingi ndio unaobeba malipo ya saa za ziada, likizo, notisi na kiinua mgongo. Uliyemhamishia posho leo, saa yake ya ziada inayolipwa mara moja na nusu imepanda leo hii. Kiinua mgongo chake cha siku saba kwa kila mwaka kamili kimepanda pia. Ulichookoa kwenye safu moja kinakurudia kwenye safu nne.

Hoja ya pili ninayoisikia kila mahali ni hii: "Lakini mfanyakazi alisaini." Mkataba wa 2015 unasema hivi, amesaini kila ukurasa, basi imekwisha. Hapana. Sheria ya Ajira yenyewe inasema kiwango cha ajira, yaani haki ya chini iliyowekwa na sheria, ni sehemu ya mkataba wa mfanyakazi, isipokuwa pale mkataba unapompa kilicho bora zaidi, au pale sheria au makubaliano yanaporuhusu vinginevyo. Maana yake ni kwamba kiwango kikipanda, kinaingia ndani ya ule mkataba wa 2015 bila kumsubiri mtu achukue kalamu. Sahihi ya mfanyakazi haiwezi kukubali kilicho chini ya hapo. Sijui kwa nini jambo hili ni gumu kueleweka, ila nadhani ni kwa sababu tumezoea mikataba ya nyumba na ya biashara, ambako walichokubaliana wawili ndicho hicho.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri, pale taarifa za maandishi za ajira zinapobadilika, ashauriane na mfanyakazi, azirekebishe na amjulishe kwa maandishi. Wangapi wanafanya? Na mgogoro ukifika, ukashindwa kuonyesha mkataba au taarifa hizo za maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe. Halafu kuna lile tangazo la haki za mfanyakazi ambalo kila mwajiri anatakiwa kulibandika mahali panapoonekana. Nikiingia kwenye ofisi naliangalia hilo kabla ya kuomba faili lolote. Likiwa limefifia, limefunikwa nusu na kalenda ya mwaka juzi, huwa najua nitakachokikuta kabatini, na mara nyingi sana nakikuta.

Tarehe nazipitia haraka. Sheria ina siku ya kupitishwa, siku ya kusainiwa, siku ya kuchapishwa na siku ya kuanza kutumika, na siku hizo zinaweza kupishana sana: Sheria ya Ajira ilitungwa 2004 ikasubiri hadi mwishoni mwa 2006. Swali lako liwe hilo la mwisho tu, inaanza kutumika lini. Angalia pia toleo. Toleo la marekebisho la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika 1 Julai 2025, na namba za vifungu humo hazilazimiki kuwa zile ulizokariri. Barua ya kuachisha kazi iliyonakiliwa kutoka ile ya miaka iliyopita inaweza kutaja kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa. Na ile PDF iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, iliyopigwa skani ikiwa imepinda, usiitumie kumfukuzia mtu kazi. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, iko wazi na ni bure.

Mahakama ndiyo sehemu ngumu, na hapa vitabu vya mafunzo huongea kwa uhakika kuliko tulio nao sisi tunaofanya kazi hii. Kwa miaka mingi, mtu aliyeachishwa isivyo halali alisomewa maneno ya fidia ya mshahara "isiyopungua miezi kumi na miwili" kama yalivyoandikwa. Mahakama ya Rufani ikaja kueleza kwamba pale kosa la mwajiri lilipokuwa la utaratibu tu, huku sababu ya kuachisha ikiwa halali, fidia inaweza kuwa chini ya hapo. Kifungu hakikuguswa hata nukta siku ile, lakini hesabu ya kila shauri lililokuwa mezani ilibadilika. Mwajiri anayesoma sheria peke yake asingeliona hilo.

Mfano mwingine ni mikataba ya muda maalumu inayohuishwa tena na tena. Je, baada ya kuhuishwa mara ya nne mfanyakazi ana matarajio halali ya kupewa wa tano? Nimesoma maamuzi ya Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu yanayokwenda huku na yanayokwenda kule, na tofauti mara nyingi iko kwenye vitu vidogo: barua pepe ya meneja iliyosema "mwakani tutaendelea", au ratiba ya zamu iliyompangia kazi baada ya tarehe ya mwisho. Marekebisho ya 2025 yamepanua hali ambazo mkataba wa namna hii unaruhusiwa kwa wasio wataalamu. Lakini mkataba uliosainiwa kabla yake, na mtu ambaye wakati huo hakustahili kupewa wa aina hiyo, tunausomaje leo? Mawakili wawili wazuri watakupa majibu mawili. Anayekupa jibu moja bila kusita hajakutana na shauri lenyewe.

Kwa hiyo mwajiri afanye nini? Huhitaji kusoma sheria kila siku. Chukua orodha yako ya mishahara na kanuni zako za kazi, na kwa kila namba iliyomo andika pembeni ilikotoka. SDL: asilimia 3.5, Sheria ya Fedha, 1 Julai 2023, imehakikiwa na fulani tarehe fulani. Likizo ya uzazi: siku 84, au 100 kwa zaidi ya mtoto mmoja, Sheria ya Ajira, angalia marekebisho ya 2025 kuhusu njiti. Namba ambayo hakuna mtu ofisini anayejua ilikotoka ndiyo ya kuanza nayo. Kazi hii ipe jina la mtu mmoja. Ukisema "HR wataangalia", hakuna atakayeangalia. Mtu huyo apitie Gazeti la Serikali linalotoka Ijumaa, asikilize bajeti Juni kwa sababu Sheria ya Fedha huanza Julai, afuatilie miswada bungeni, na awe na mtu wa kumpigia simu, awe wakili, ATE (Chama cha Waajiri Tanzania) au afisa kazi wa eneo lake.

Na pale sheria isipoeleweka, muulize afisa kazi kwa barua na utunze jibu, kisha andika kwenye faili la mfanyakazi uamuzi wako na sababu zake kwa tarehe ya siku hiyo. Shauri likija miaka miwili baadaye, mwamuzi atataka kuona ulifikiri nini siku ulipoamua, na maelezo yaliyotungwa baada ya kupokea wito hujulikana mara moja.