Kuugua ukachelewa kumaliza sekondari hakukunyimi chuo

Wazazi wengi wahamiaji walioko Marekani huamini kwamba mtoto aliyeugua, akapungukiwa krediti (pointi za masomo zinazohitajika ili kuhitimu) na kumaliza sekondari akiwa na miaka 19 au 20, chuo ndiyo basi tena. Si kweli. Vyuo vya jamii vya California (community colleges, vyuo vya umma ambavyo kozi zake nyingi ni za miaka miwili) hupokea wenye cheti cha sekondari bila kujali walichelewa kiasi gani. Hata asiye nacho, akitimiza miaka 18, anaweza kukubaliwa, kisha baadaye akahamia chuo kikuu. Anayeomba kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, ana sehemu ya kueleza magumu aliyopitia. Sentensi chache zinatosha: aliugua lini, masomo gani yaliathirika, sasa hali ikoje. Faili zima la hospitali la nini? Mshauri wa shule naye hutuma ripoti yake vyuoni, hivyo mwambieni mapema.