Mti Ukishaanguka, Dumuzi Hawasubiri

Malalamiko kutoka Molo, Njoro na Elburgon yanafanana: upepo uliangusha mikaratusi, na sasa dumuzi, mbawakawa ambao funza wao hutoboa miti, wameingia shambani. Karibu kila mtu anauliza apulize dawa gani. Funza akishajichimbia chini ya gome, dawa ya kupuliza nje haimfikii. Tumelisema hili mara nyingi.

Gome la mkaratusi wenye afya limejaa maji, na funza mchanga wa Phoracantha, dumuzi wa mikaratusi, hufa humo. Ukame, moto au dhoruba ikishayapunguza maji hayo, mlango uko wazi. Jike, mwenye mkanda wa manjano hafifu mgongoni, hutaga chini ya gome lililoachia. Bandua gome la gogo lililoshambuliwa uone: mifereji mipana iliyoshindiliwa unga wa mbao, ikizunguka shina. Katika gogo bichi funza hukomaa kwa takriban siku 70. Katika gogo kavu, hata 180. Magogo ya dhoruba moja yakiachwa chini, kizazi kinachotoka humo huhamia miti iliyosimama lakini imedhoofishwa na kiu. Kwa hiyo toa gome lote wiki hiyo hiyo, na usipeleke kuni zenye gome shamba jingine.

Saiprasi ina adui wake, Oemida gahani, mdudu wa huku huku Afrika Mashariki. Huingilia kwenye kovu la moto au kigutu cha tawi, akala moyo wa mti huku nje ukionekana mzima. Pogoa matawi yakiwa bado membamba, kwa msumeno. Panga huchana gome.

Mti ulioangukia ndani ya msitu wa serikali si wako, hata ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ua wako. Ripoti kituo cha KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) kilicho karibu, subiri afisa aukague, na usiuguse kabla ya kupata idhini ya maandishi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kuukata, kuuchoma au kuuchukua bila idhini ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. “Niliukuta umeshakauka” hakuondoi kosa.

Katika msitu wa asili kama Kakamega, gogo linaloozea chini ni chakula cha dumuzi, na funza wao ni chakula cha kigong'ota. Huko gome liacheni.