Mabomba ya mvuke na njia za twiga: jotoardhi ndani ya Hell's Gate

Mtambo wa kwanza wa jotoardhi (umeme unaozalishwa kwa mvuke wa moto utokao chini ya ardhi) wa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka 1984, ikalizunguka eneo ambalo tayari lilikuwa na visima. Mvuke unahitajika, na wanyama nao wanahitajika, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kupima: kisima kikae wapi, bomba lipite wapi, maji taka yaende wapi.

Tuanze na bomba, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Chuma hurefuka kikipata joto. Bomba la mita 100 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 170 za Selsiasi huongezeka takriban sentimita 18, na likinyooshwa bila nafasi ya kucheza litapinda au kung'oa nguzo zake. Ndiyo sababu mafundi huliwekea mikunjo kila baada ya umbali fulani. Mkunjo ukilazwa chini, bomba zima huwa ua wa kilomita kadhaa ambao pundamilia na pofu hawawezi kuuvuka. Ukisimamishwa wima, huwa lango. Twiga dume hufikia mita 5 au zaidi, na hapendi kuinama chini ya kitu asichokijua, kwa hiyo lango la mita 3 linawafaa wanyama wafupi tu, kama swala na pundamilia. Lakini kusimamisha mkunjo kuna gharama yake: mvuke unaopoa hugeuka maji yakatuama chini ya mpando. Bila valvu ya kuyatoa hapo, mvuke huyasukuma kwa kasi yakagonga kona kwa nguvu ya kupasua viungo. Mchoro usioonyesha valvu hizo haujakamilika.

Visima navyo si lazima vitapakae kila mahali. Uchimbaji wa mshazari huwezesha visima kadhaa kuanzia kwenye uwanja mmoja kisha kutawanyika chini kwa chini, hivyo barabara na viwanja vinavyokatiwa msitu hupungua. Sisi tunaona hili ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote, nalo huamuliwa kabla ya rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, kufika. Baadaye halirekebishiki.

Maji ya moto yanayotoka pamoja na mvuke yana madini ya silika, boroni na floridi. Yakiachwa kwenye mabwawa yasiyo na ua, wanyama huyafuata kwa kiu au kulamba chumvi. Boroni hudhuru mimea, na floridi ikizidi huharibu meno na mifupa. Njia sahihi ni kuyarudisha ardhini kwa kisima maalumu. Ugumu wake ni kwamba yakipoa, silika huganda na kuziba kisima, na hapo ndipo kishawishi cha kuyamwaga nje huzaliwa. Yakirudishwa karibu mno na visima vya mvuke, navyo hupoa.

Kwenye majabali ya korongo la Ol Njorowa huzaliana tumbusi wa Rüppell, ndege mkubwa anayekula mizoga. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo kila ndege mzima anayekufa ni pigo zito. Mabawa yake yaliyotandazwa hufikia karibu mita 2.5, na kwenye nguzo za umeme wa kilovolti 11 au 33 hugusa nyaya mbili kwa pamoja akaungua. Kwenye laini kubwa nyaya zimeachana zaidi. Huko hatari ni kuzigonga akiwa angani. Nguzo ndogo zihamiwe kwa vifuniko vya nyaya, na laini kubwa zitundikwe alama zinazoonekana, tena zisipitishwe mbele ya majabali. Majaribio ya kisima kipya, yenye ngurumo inayoweza kudumu wiki nyingi, yafanywe nje ya msimu wa kuatamia na kwa kutumia kipunguza sauti.

Sheria ya Kenya ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Ukiipata ripoti, tafuta ramani inayoonyesha mabomba na njia za wanyama kwenye karatasi moja. Kama haimo, iombe kwa maandishi, kisha uliza nani atafukia na kupanda nyasi kwenye viwanja vya visima vitakavyoachwa, na fedha zake zimetengwa wapi.