Moyamoya na chumvi: siyo kuikata yote

Huku Mtwara ukisema una shida ya mishipa ya kichwa, mama mkubwa anakukatia chumvi mpaka kwenye kisamvu, eti ni sumu. Kwa ugonjwa wa moyamoya sivyo. Humo mishipa mikubwa ya damu chini ya ubongo imebana, damu inapita kwenye vijishipa vyembamba (kwenye picha vinaonekana kama moshi, ndo maana Wajapani wakaipa jina hilo), sasa chumvi ndo inasaidia mwili kushika maji, na maji yakipungua mwilini presha inashuka, damu haifiki vizuri, hapo ndo kiharusi kinapiga hodi. Kwa hiyo jua la Mikindani usisubiri kiu, tembea na chupa, na ukiharisha wahi hospitali. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) ihesabu humohumo jamani! Mwenye presha au figo, kipimo chake anapanga daktari.