Opea si yaya wa bei nafuu

Neno opea, ambalo Wafaransa huliandika au pair, linazidi kutumiwa ovyo. Mzazi akilalamika kwamba mshahara wa yaya umemshinda, hakosi mtu wa kumshauri atafute opea, kana kwamba ni yaya yuleyule aliyepunguziwa bei. Kijana anayejiandaa kwenda Ujerumani naye huwaambia jamaa zake kwamba amepata kazi. Wote wawili wamelishika neno upande mmoja, na wakikutana chini ya paa moja kila mmoja atahisi kwamba mwenzake amemdhulumu.

Opea ni kijana kutoka nchi nyingine anayeishi na familia kwa muda maalumu, mara nyingi usiozidi mwaka mmoja, akisaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, nayo familia humpa chumba, chakula, posho na nafasi ya kujifunza lugha na maisha ya nchi ile. Usemi wenyewe wa Kifaransa humaanisha sawa kwa sawa. Maelezo hayo yanatosha, kwa sababu kinachowachanganya watu ni mpaka uliopo kati ya opea na mwajiriwa.

Mpaka huo umewekwa kwenye maandishi. Mkataba wa Ulaya kuhusu opea, uliotiwa saini mjini Strasbourg tarehe 24 Novemba 1969 chini ya Baraza la Ulaya, unatamka katika utangulizi wake kwamba vijana hawa si wanafunzi wala si wafanyakazi, bali ni kundi la pekee lenye sifa za pande zote mbili. Kutokana na kauli hiyo, mkataba uliweka umri wa kati ya miaka 17 na 30, ukaweka kikomo cha kawaida cha saa 5 za kusaidia kwa siku, ukadai siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, na ukataka kijana apewe muda wa kuhudhuria masomo ya lugha. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini sheria za nchi nyingi zimefuata mkondo uleule. Ujerumani, kwa mfano, humtaka opea awe hajafikisha miaka 27, husimamisha msaada wake kwenye saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, na huitaka familia impe posho ya euro 280 kwa mwezi pamoja na mchango wa euro 70 wa masomo ya lugha. Ukizigawanya euro 280 kwa saa zote hizo utapata kiasi ambacho hakuna mwajiri angethubutu kukiita mshahara, na ndiyo maana hakiitwi hivyo: ni fedha za nauli, vocha na matembezi ya mtu ambaye tayari analishwa na kulazwa.

Marekani ndiko mambo yanakokuwa magumu, na nadhani ndiko upotoshaji mwingi unakopata nguvu. Mpango wake, ulioanza mwaka 1986, huwapokea vijana wa miaka 18 hadi 26 kwa viza ya kubadilishana utamaduni, huitaka familia ichangie hadi dola 500 za masomo, lakini huruhusu saa 10 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kiwango cha chini cha posho cha dola 195.75 kwa wiki, kilichotumika kwa miaka mingi, kilipatikana hivi: saa 45 zilizidishwa kwa kima cha chini cha mshahara cha taifa, yaani dola 7.25, kisha asilimia 40 ikakatwa kwa ajili ya chumba na chakula. Hesabu ya namna hiyo ni hesabu ya mshahara, hata kama karatasi inasema ni posho. Haishangazi kwamba mnamo Desemba 2019 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Boston iliamua kwamba sheria za jimbo la Massachusetts za kuwalinda wafanyakazi wa nyumbani zinawahusu opea pia. Norway nayo, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba mpango huu umegeuka njia ya kupata vibarua wa nyumbani kwa bei ya chini, iliufuta mwaka 2024.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi tofauti hiyo ni ya kinafiki na haina haja ya kulindwa. Sikubaliani nao. Familia nyingine huwa na watoto waliokwisha kuanza shule, zikahitaji mtu wa kuwapokea mchana, kuwapa chakula na kucheza nao mpaka jioni, na zina meza yenye nafasi ya mtu mmoja zaidi. Hapo uopea hufanya kazi yake sawasawa. Mambo huharibika kwenye vitu vidogo vidogo, kama kapu la nguo chafu: soksi na sare za watoto ni sehemu ya msaada, lakini shati la baba likiingia humo leo, kesho litafuatwa na mashuka, na kabla ya mwezi kwisha kijana atakuwa anapiga pasi nguo za nyumba nzima wakati wa darasa lake. Hakuna aliyemwajiri kuwa mfuaji, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Kwa hiyo mzazi anayetoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, siku tano kwa wiki, ahesabu kwanza. Hizo ni saa 55, ambazo haziruhusiwi hata chini ya kanuni pana za Marekani, na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, kanuni hizohizo zinakataza opea kuachwa peke yake na mtoto ambaye hajatimiza miezi mitatu. Anachohitaji ni yaya, mwenye mkataba wa ajira na mshahara unaolingana na saa hizo, na hakuna aibu yoyote kulitaja neno hilo. Kijana naye, akiulizwa anakwenda kufanya nini, anaweza kujibu kwamba anakwenda kuishi na familia ya watu kwa mwaka mmoja, ajifunze lugha yao, na awasaidie watoto wao kwa saa zilizoandikwa.