Kumfundisha mtaalamu kukaa na mfiwa

Muuguzi anajua dozi, daktari anajua ugonjwa, ofisa ustawi wa jamii anajua taratibu. Mweke yeyote kati yao mbele ya mtu aliyepata habari ya msiba dakika kumi zilizopita, utasikia: "Jikaze." "Usilie, kumbuka una watoto." "Angalau hakuteseka." Hawasemi hivyo kwa ubaya. Kilio cha mwenzao kinawauma, wanataka kikome. Kwa hiyo mafunzo ya kuwahudumia wafiwa ni, kwa sehemu kubwa, mafunzo ya ustahimilivu: kukaa karibu na maumivu usiyoweza kuyaondoa, na kutoyakimbia kwa maneno. Hilo halifundishiki kwa slaidi.

Nalisisitiza kwa sababu ratiba nyingi humaliza asubuhi nzima kwenye zile hatua tano zinazoitwa za majonzi: kukana, hasira, kusihi, sonona, kukubali. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si na wafiwa. Zilipohamishiwa kwa wafiwa zikageuzwa ngazi, na aliyezikariri huanza kumpima mtu: "Huyu bado yuko kwenye hasira." Mfiwa ambaye hakukasirika hata siku moja anaonekana ana kasoro. Nusu saa inatosha kuzirudisha mahali pake, kisha nahamia kwa watafiti wa maombolezo Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 walieleza jambo ambalo washiriki wameshaliona kwa macho yao: mfiwa huenda na kurudi. Asubuhi analilia shati la marehemu, mchana anahangaikia kodi ya nyumba, jioni anacheka na jirani, usiku amerudi kwenye shati. Kwenda na kurudi huko ndiko kuomboleza kwenyewe. Aliyelielewa hilo hatamshangaa mjane anayecheka, wala hatamlazimisha "kutoa yaliyo moyoni" siku aliyokuja kuulizia pensheni.

Muda unaobaki uende kwenye mazoezi ya watatu watatu: mmoja mtaalamu, mmoja mfiwa, mmoja mtazamaji. Darasa lisizidi watu 15, la sivyo mwezeshaji hawezi kuyafikia makundi yote. Mazungumzo dakika 8, mrejesho dakika 12, kisha wanabadilishana. Baada ya saa moja kila mtu amepita nafasi zote tatu. Mtazamaji haandiki maoni. Anaandika maneno yaliyosemwa, kama yalivyotoka, na kila panapotokea kimya anahesabu sekunde. Mshiriki anayeapa kwamba alinyamaza vya kutosha hushangaa karatasi ikisema sekunde nne.

Zoezi hili huharibika zaidi kwa upole. Anayeigiza mfiwa anamwonea huruma mwenzake, anafarijika baada ya sentensi mbili, na hakuna aliyejifunza kitu. Dawa yake ni kadi. Kwenye kadi ya mfiwa naandika jambo moja la siri, tuseme kwamba aligombana na mumewe asubuhi ileile ya ajali, na sharti: usiliseme mpaka uulizwe swali la wazi, lisilojibika kwa ndiyo au hapana, au uachiwe nafasi. Angalia linavyokuja. Mfiwa: "Hata hatukuagana vizuri." Mtaalamu: "Usijilaumu, alijua unampenda." Basi, siri imerudi ndani na haitoki tena. Ilitosha kurudia kwa sauti ya chini, "Hamkuagana vizuri…" na kunyamaza.

Katika mrejesho huanza aliyekuwa mtaalamu, anafuata mfiwa kusema neno gani lilimfungua na lipi lilimfunga, halafu mtazamaji anasoma karatasi yake. Mwezeshaji ni wa mwisho. Akitangulia yeye, kila mtu anajitetea.

Kutoa habari ya kifo kunastahili zoezi lake. Tafuta chumba chenye viti, zima simu, keti. Uliza ndugu anajua nini mpaka sasa. Mwandae kwa sentensi moja: "Nina habari mbaya." Kisha tamka: "Baba yako amefariki." Halafu nyamaza, usianze kueleza vipimo, maana hasikii. Kiswahili kina hazina ya maneno ya staha, ametutoka, hatunaye, tumempoteza, na msibani yana mahali pake. Kwenye korido ya hospitali, mtu aliyeshikwa na hofu husikia "ametutoka" na kuuliza amehamishiwa wodi gani. Kwa mtoto ni hatari zaidi: ukimwambia babu "amelala" ataogopa kulala, ukimwambia "amesafiri" atamsubiri. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi.

Washiriki wengi huogopa kumuuliza mfiwa kama anafikiria kujiua, wakidhani watampandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi. Wafanye walitamke swali hilo kwa sauti, mara kadhaa, mpaka ulimi uzoee. "Natamani ningemfuata" husemwa na wafiwa wengi. Linalopaswa kufuata ni kuuliza kama amepanga namna na kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, na rufaa ifanyike siku hiyohiyo.

Kuhusu majonzi yasiyopungua, vipimo vya muda vya kuyaita ugonjwa viwekwe wazi. Ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani lililoanza kutumika 2022 linataka angalau miezi 6 iwe imepita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliorekebishwa mwaka huohuo unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Muda pekee hautoshi, lazima shauku kali ya kumtaka marehemu, au kumuwaza bila kukoma, iwepo na maisha ya kila siku yawe yamekwama. Anayelia wiki ya sita si mgonjwa.

Kabla ya siku ya kwanza, ongea na kila mshiriki faraghani. Aliyefiwa karibuni asipewe kadi ya mfiwa, na asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Msiba halisi wa mtu usitumike kama igizo hata akijitolea. Zoezi likiisha, kila aliyeigiza ahame kiti, ataje jina lake na kazi yake. Ukiliacha hili, wapo watakaorudi nyumbani na majonzi ya kwenye kadi.

Siku tatu za darasa bila usimamizi hazidumu, "jikaze" itarudi. Weka kikao cha dakika 90 kila mwezi, watu sita hadi wanane, tukio moja tu, jina la mfiwa likiwa limefichwa. Aliyelileta haanzi na "alikuwa mgumu". Anaanza kwa kusoma alichosema mfiwa, kisha alichojibu yeye, neno kwa neno, na wenzake hawazungumzi mpaka amalize.