Seva Yako Haitakupunguzia Bili

Kajitokeza mwingine tena, safari hii mwenye duka la jumla Kariakoo: "Kaka, tununue kompyuta moja, tuweke Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe, tuachane na hizi bili za kila mwezi za huduma za mtandaoni." Jamani! Kama shida yako ni bili, endelea kulipa.

Piga hesabu basi. Umeme ukikatika unataka inveta na betri. Diski zinakufa, kwa hiyo ziwe mbili, na bakapu ikae jengo lingine. Halafu kuna IP, anwani ya mashine kwenye mtandao, na hapa ndipo vijana wengi wanapogonga mwamba. Fungua ruta yako ya laini ya simu, tazama anwani iliyopewa. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT, mtindo wa kampuni ya simu kugawana anwani: anwani moja ya nje mnaichangia wateja kibao, na hata ufungue poti zote hakuna atakayekufikia kutoka nje. Utaomba IP ya kudumu, ambayo hulipiwa, au utakodi VPS, yaani seva ya kukodi kwenye kituo cha data, ya kupitishia. Seva ya barua pepe usiiguse kabisa. Na muda wangu mimi nani kasema ni wa bure?

Ninahosti mwenyewe, yaani naendesha seva yangu, kwa sababu ya ufunguo: data iwe mkononi mwangu. Google walipoifunga Reader, huduma yao ya kusomea habari za tovuti, Julai 2013, watumiaji hawakuwa na la kusema. Kwako wewe ni rahisi zaidi: kadi igome tu, akaunti ifungwe, ankara zako za miaka zibaki humo. Kwenye seva yangu napiga pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, nabeba faili, nahama.

Na ikae wapi? Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini. Seva iliyopo Dar, mitandao ikikutana TIX, kituo cha kubadilishana data cha Tanzania, haina haja ya kuvuka bahari ili karani wa Ilala aone stoo. Aliyekodi VPS Ujerumani alihangaika kama wenzake wote, pamoja na kujisifu kwake.

Kinachonisumbua ni usalama. Kampuni kubwa zina watu wa zamu usiku kucha, mimi nalala. Tundu likitangazwa Ijumaa usiku, nani atalipiga kiraka? Sina jibu la kuridhisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitanihurumia kwa kuwa niko peke yangu. Kwa sasa chochote cha wafanyakazi nakificha nyuma ya WireGuard, njia ya siri ya VPN, nje nabakiza ukurasa wa bei tu.